Kitunguu saumu hakimezwi kizima

Nimefundisha kemia sekondari mpaka nikastaafu, na maabara pekee niliyobaki nayo ni jiko la nyumbani kwangu hapa Tanga. Mke wangu ana presha ya siku nyingi, na vipimo vyake vya karibuni vilionyesha lehemu mbaya (kolesteroli) imepanda. Habari zilipoenea, kila jamaa akaja na tiba yake. Kundi la WhatsApp la ukoo likageuka duka la dawa: huyu uwatu, yule habasoda, wa tatu unga wa mlonge unaodaiwa kutibu magonjwa 300. Dada yangu, ambaye ndiye anayeuza huo mlonge, akaja mwenyewe nyumbani na agizo kwa wifi yake: kila asubuhi ameze punje tatu za kitunguu saumu, nzima nzima, kwa maji ya uvuguvugu.

"Nzima ndiyo hazikuachii harufu mdomoni," akasema.

Na hapo ndipo tulipogombana, maana ile harufu ndiyo dawa yenyewe.

Fanya jaribio hili, halihitaji maabara. Menya punje moja bila kuijeruhi, uinuse. Utapata harufu kidogo sana. Sasa iweke juu ya ubao, uikandamize kwa ubapa wa kisu mpaka ipasuke, subiri kidogo, inuse tena. Kile kinachokupiga puani hakikuwamo kwenye punje dakika moja iliyopita. Kimezaliwa mbele yako.

Ndani ya punje kuna kitu kiitwacho aliini. Hakinuki wala hakiwashi. Katika chumba kingine cha seli kimekaa kimeng'enya, kichocheo kinachogeuza kemikali moja kuwa nyingine, kinachokisubiri. Mmea umevitenga makusudi, kwa sababu vikikutana vinatoa alisini, nayo ni silaha: inawasha, inanuka, inaua bakteria. Mdudu akitafuna, kuta za seli zinabomoka, viwili hivyo vinakutana, na mdudu anajuta. Kisu chako kinafanya kazi ya huyo mdudu. Alisini yenyewe ilitengwa Marekani mwaka 1944 na Chester Cavallito na John Hays Bailey, na miaka michache baadaye Arthur Stoll na Ewald Seebeck wa Uswisi wakaonyesha kwamba chanzo chake ni hiyo aliini iliyotulia.

Kimeng'enya ni protini, na protini hii ina maadui wawili, joto na asidi. Ukimeza punje nzima, tumbo linaipokea kwa asidi kali. Kimeng'enya kinakufa kabla ya kukutana na mwenzake, na aliini inajipitia zake. Ukiitumbukiza punje nzima kwenye mafuta ya moto, habari ni ileile: unapata ule utamu wa kitunguu saumu kilichoiva, ambao mie naupenda sana kwenye maharage, lakini silaha haikuundwa. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha jambo ambalo limebadilisha mpangilio wa jiko letu. Kitunguu saumu kilichopashwa joto mara baada ya kupondwa kilipoteza nguvu yake. Kilichopondwa kikaachwa dakika 10 kwanza, sehemu ya nguvu ilibaki. Kwa hiyo siku hizi cha kwanza kupondwa ni kitunguu saumu, kinawekwa pembeni, ndipo tunakata vitunguu maji na nyanya. Tukimaliza kukata, muda wake umeshatimia bila mtu kuangalia saa.

Faida yake ni kiasi gani? Kwa wenye presha, majaribio yameonyesha inashuka kidogo. Vidonge vya mke wangu viko palepale kwenye kabati, na anavimeza kila siku.

Dada hakuridhika. Alisema nimesoma sana mpaka nimepoteza imani. Lakini yeye na wenzake wote wa kundi la ukoo wanauliza swali moja tu: chakula gani kina kitu gani. Mlonge una nini, ubuyu una nini, manjano yana nini. Kile chakula kimefanyiwa nini kabla ya kufika mdomoni, hilo hawaulizi, na kwa maoni yangu hilo ndilo lenye uzito. Wajapani waliliona jambo hili la vyakula vyenye faida ya ziada mapema, na mwaka 1991 wakaliwekea utaratibu wa serikali uitwao tokuho: ukitaka kuandika kwenye pakiti kwamba bidhaa yako inasaidia tumbo au lehemu, unapeleka ushahidi unakaguliwa kwanza. Sisi tumeletewa kopo, majani ya kijani kwenye lebo na picha ya mtu aliyevaa koti jeupe. Ukaguzi tumebakiwa nao wenyewe.

Mke wangu alinisikiliza mihadhara hii huku anatwanga kisamvu. Hakunyanyua hata kichwa. "Mwalimu," akasema, "hayo ya kuponda bibi zetu walitufundisha bila chaki."

Ni kweli, na kisamvu ni mfano bora kuliko huo wa kwangu, kwa sababu mtambo ni uleule ila lengo limepinduliwa. Jani la muhogo limebeba linamarini, ambayo ni sukari iliyofungwa pamoja na sianidi, na kimeng'enya chake kimetengwa kwenye kuta za seli. Ukitwanga, vinakutana, na mwisho wa safari ni haidrojeni sianidi. Sumu kabisa. Sasa tazama uzuri wa kemia: sumu hiyo inachemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi, chini ya joto la mchana wa kawaida hapa Tanga. Ikishaachiliwa na mchi haina pa kujificha. Chungu kikiwa wazi jikoni lenye hewa, inaondoka na mvuke. Kutwanga kunaiamsha, moto unaifukuza. Kwenye kitunguu saumu tunataka kilichozaliwa kibaki, kwenye kisamvu tunataka kizaliwe haraka kisha kiende zake.

Ndiyo maana anayechemsha majani mazima, au yaliyotwangwa kwa uvivu, amekosea njia. Joto linaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini nyingi inabaki imetulia ndani ya jani. Kisamvu cha mke wangu kinatwangwa mpaka nyuzi za jani hazionekani, mpaka kinashikamana na mchi, mpaka ile harufu ya ukakasi inajaa uani. Anatumbukiza vipande vya kitunguu saumu humohumo kwenye kinu. Wanaotumia blenda sina ugomvi nao, mradi isage kweli, siyo kukatakata.

Msidhani natia chumvi. Miaka ya 1980 huko Tarime, mkoani Mara, kipindi cha ukame, watu waliokula muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha walipatwa na konzo: miguu inakakamaa ghafla na hairudi kuwa kama zamani. Waliokuwa na uhaba wa protini ndio waliokuwa hatarini zaidi, kwa kuwa mwili unahitaji salfa inayotoka kwenye vyakula vya protini ili kuivunja nguvu sianidi. Dagaa pembeni ya ugali wa muhogo wana kazi kubwa kuliko kitoweo.

Halafu linakuja tui. Kisamvu kina karotini nyingi, ile rangi ya njano ya karoti, ila imefunikwa na kijani. Mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Karotini haiyeyuki majini, inataka mafuta ili utumbo uichukue, na inataka seli ziwe zimevunjwa ili itoke ndani. Kinu kimeshazivunja, tui linatoa mafuta. Aliyechemsha mboga kwa maji matupu kwa sababu "daktari kakataza mafuta" amejinyima, kwani kijiko kimoja tu cha mafuta kingetosha sufuria ya familia. Mambo ni hayohayo kwa nyanya: rangi yake nyekundu, laikopini, inachukuliwa na mwili vizuri zaidi kutoka kwenye nyanya iliyopikwa na mafuta kuliko kutoka kwenye kachumbari. Kachumbari inakupa vitamini C, mchuzi unakupa laikopini. Kula vyote.

Viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vimeenezwa Afrika kwa ajili ya hiyohiyo karotini. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa Maria Andrade, Mganda Robert Mwanga, Jan Low na Howarth Bouis kwa kazi ya mazao yaliyorutubishwa shambani, na viazi hivi ndivyo vilivyokuwa mbele. Kwetu tunavipika vya nazi kwa futari, na nafurahi kuona kwamba Ramadhani nzima tunafanya sayansi bila kujua.

Dada aliposikia nasifia karotini, aliona mlango umefunguka. "Kama ni nzuri hivyo, kaka, si bora kidonge chake? Mtu anameza kimoja, basi."

Swali lake lilishaulizwa na watu wakubwa, tena kwa gharama. Huko Finlandi walichukua wanaume 29,133 wavuta sigara wenye umri wa miaka 50 hadi 69. Baadhi walipewa kidonge cha beta-karotini cha miligramu 20 kila siku, wengine hawakupewa, na wakafuatiliwa kati ya miaka 5 na 8. Hoja ilikuwa na mantiki: watu wanaokula sana mboga na matunda yenye karotini hupata saratani ya mapafu kwa uchache zaidi. Matokeo yalitoka 1994. Waliomeza karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Marekani walikuwa na jaribio lao la watu 18,314, wavuta sigara na waliofanya kazi kwenye asbestosi, wakachanganya beta-karotini na vitamini A. Januari 1996 ikabidi wasimamishe vidonge kabla ya wakati, kwa sababu saratani ilikuwa imezidi kwa asilimia 28 katika kundi la waliokuwa wakimeza.

Karotini ya kiazi na ya kidonge ni molekuli ileile. Lakini kiazi hakiwezi kukumiminia miligramu zile zote kwa mkupuo, kila siku, kwa miaka, zikiwa peke yake bila nyuzinyuzi, bila vitamini C, bila jamaa zake wengine wa rangi. Nilipomweleza dada, akasema wateja wake hawavuti sigara. Sikuwa na la kuongeza siku hiyo.

Kuhusu manjano nilimpa hesabu tu. Kiini chake ni kukumini, na shida ya kukumini ni kwamba mwili hauipokei. Inaingia na kutoka. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, waliwapa watu gramu 2 za kukumini pamoja na miligramu 20 za piperini, ule ukali wa pilipili manga, na kiasi kilichoingia kwenye damu kikaongezeka mara 20. Tangu hapo kila mwenye kopo la manjano anaiimba habari hii. Sasa tupige hesabu ya darasa la saba. Unga wa manjano una kukumini kama asilimia 3. Kijiko cha chai ni gramu 3 hivi, kwa hiyo unapata miligramu 90. Ili ufikie gramu 2 za wale jamaa unatakiwa kula zaidi ya gramu 60 za manjano kwa mkao mmoja. Pilipili manga ni rahisi: piperini yake ni kama asilimia 5, miligramu 20 unazipata kwenye chembe chache zilizosagwa. Basi weka manjano kwenye mchuzi wako, na pilipili manga, na mafuta, kwa sababu chakula kinakuwa kitamu. Usitarajie kikusafishe ini.

Ninachokipenda zaidi katika habari hizi zote ni choya, ile rosela nyekundu, na hapa mtanivumilia.

Shuleni kwetu karatasi za litimasi, zile za kutambua asidi na alkali kwa rangi, zilikuwa zinaisha mapema kuliko muhula. Tulikuwa tunachemsha choya kavu, tunachuja, tunapata maji mekundu ya damu ya mzee. Dondoshea ndimu, wekundu unang'aa. Dondoshea maji ya magadi, yanageuka buluu, kisha kijani kichafu. Wanafunzi walikuwa wanapiga makofi. Rangi hiyo inaitwa anthosiani, na ndiyo hiyohiyo inayochunguzwa kwa habari ya presha. Huko Boston walifanya jaribio lililochapishwa 2010: watu 65 wenye presha iliyoanza kupanda, nusu wakanywa chai ya choya vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja mililita 240, nusu wakanywa maji ya rangi na ladha yasiyo na choya. Baada ya wiki 6, ile namba ya juu ya kipimo cha presha ya wanywaji wa choya ilishuka kwa 7.2 kwa wastani, ya wenzao ikashuka kwa 1.3. Kushuka kwa 7 ni jambo la maana. Ningemtakia mke wangu hata 5.

Lakini walichokunywa Boston ni choya iliyolowekwa kwenye maji ya moto. Choya ya mtaani kwetu ina sukari mpaka inanata kwenye glasi, imetiwa vanila na mara nyingine rangi ya dukani juu ya rangi yake ya asili, jambo ambalo kwa mwalimu wa kemia ni tusi. Unapima faida ya anthosiani kwa mkono mmoja na kuijaza sukari kwa mkono wa pili. Kwetu tunaloweka choya kavu kwenye maji yaliyotoka kuchemka, tunafunika, tunachuja, tunatia tangawizi na kipande cha mdalasini. Ni kali. Mgeni wa kwanza kuinywa alikunja uso akauliza kama sukari imepanda bei.

Na kwa kuwa nimetaja magadi: acheni kuyatia kwenye mboga. Najua yanalainisha kisamvu na mlenda haraka na kuacha kijani kinachopendeza. Magadi ni alkali, na alkali inaharibu vitamini C na vitamini B1. Zaidi ya hapo yana sodiamu, ileile ya kwenye chumvi ambayo mwenye presha amekatazwa. Mama mmoja jirani yetu aliacha chumvi kabisa kwa amri ya kliniki, kumbe kila maharage yake yanapikwa na magadi.

Chai ya maziwa na mlo wa mchana ni tabia nyingine. Viambata vya majani ya chai vinavyosifiwa kwa moyo ndivyo vinavyoshikana na madini ya chuma ya mchicha na maharage na kuyazuia kuingia mwilini. Kikombe cha chai pamoja na chakula kinaweza kupunguza chuma kinachoingia kwa zaidi ya nusu. Kwa mzee mwanamume kama mie si neno. Kwa mjamzito au binti anayepata hedhi nzito ni neno kubwa. Akimaliza kula asubiri kwa muda wa saa moja au zaidi ndipo anywe chai, na kwenye mchicha akamulie ndimu wakati wa kula, kwani vitamini C inafanya kinyume chake: inakisaidia chuma kuingia.

Kiporo nacho kina la kujivunia. Wanga wa wali uliopikwa ukipoa unajipanga upya, na sehemu yake inakuwa ngumu kumeng'enywa. Inapita mpaka kwenye utumbo mpana na kuwa chakula cha bakteria wazuri. Watafiti wa Indonesia mwaka 2015 walipima: wali wa moto ulikuwa na gramu 0.64 za wanga huo katika kila gramu 100, na uliokaa kwenye friji saa 24 kisha ukapashwa ulikuwa na 1.65. Sukari ya damu ya walioula haikupanda sana kama ya waliokula wa moto. Ni tofauti ndogo, kwa hiyo asije mtu akajaza sinia kwa kisingizio cha kiporo. Na wali uliolala mezani usiku kucha kwa joto letu ni hatari: kuna bakteria ambaye mbegu zake zinavumilia kuchemshwa, akizaliana anaacha sumu isiyokufa ukiupasha. Upoze haraka, uingie friji. Kama umeme ulikatika usiku, wape kuku.

Nimeacha balungi mwisho kwa sababu ndilo linalonitia hofu kweli. Hapa ndipo chakula kinaponyesha kwamba kina nguvu, na wanaosema "ni ya asili, haina madhara" wananyamaza.

Jirani alimletea mke wangu kapu la mabalungi. Akamwambia akamue glasi kila asubuhi, yanayeyusha mafuta na kushusha presha. Daktari alikuwa ameshamwandikia atorvastatini kwa ajili ya lehemu. Nina tabia ya kusoma zile karatasi zilizokunjwa ndani ya boksi la dawa, ambazo watu wengi wanazitupa, na humo limeandikwa wazi: uangalifu kwa juisi ya balungi.

Kisa chake kinatoka mji wa London, ule wa Ontario, Kanada. David Bailey na wenzake walikuwa wanachunguza kama pombe inaingiliana na felodipini, dawa ya presha. Ili washiriki wasitambue kikombe kipi kina pombe, walificha ladha kwa juisi ya balungi. Kiasi cha dawa kwenye damu kikapanda kupita walivyotarajia, kwa waliokunywa pombe na wasiokunywa. Pombe haikuwa na kosa. Mhusika alikuwa kificho. Mwaka 1991 wakachapisha kwenye jarida la Lancet.

Kwenye ukuta wa utumbo kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuvunja sehemu ya dawa kabla haijaingia kwenye damu, na watengenezaji wa dawa wanapopanga ukubwa wa kidonge wameshahesabu hasara hiyo. Balungi lina viambata viitwavyo furanokumarini vinavyokiharibu kimeng'enya hicho moja kwa moja, mpaka mwili utengeneze kingine. Matokeo yake, kidonge kimoja kinaweza kufanya kazi ya viwili au zaidi. Kwa felodipini na nifedipini presha inaweza kushuka kupita kiasi. Kwa simvastatini, dawa nyingine ya lehemu, na kwa atorvastatini ukinywa juisi nyingi, misuli inaweza kuumia. Wala haisaidii kunywa juisi asubuhi na kidonge usiku, kwa sababu athari ya glasi moja inaweza kudumu siku nzima na zaidi. Siyo dawa zote za makundi hayo: amlodipini ya presha haiguswi sana, rosuvastatini na pravastatini za lehemu hazina shida hiyo. Ndiyo maana swali la kumuuliza mfamasia ni la jina la kidonge chako wewe, usikubali jibu la "dawa za presha" kwa jumla.

Mabalungi nikayala mie, nisiyemeza kitu. Furungu nalo limo katika orodha, na danzi pia. Hilo la danzi lilimuuma mke wangu, maana tuna mti wake uani na achari yake anaijua. Sasa madanzi yetu yanaoshea samaki kuondoa shombo, basi. Machungwa matamu ya Muheza hayamo kwenye kesi hii, wala machenza, na ndimu ya kukamulia mboga ni matone tu. Msimu ukifika tunanunua kwa gunia, na yeye anakula na zile nyuzi nyeupe za ndani, ambazo dada yangu anazimenya na kuzitupa.